Maranda ya Mama Mashine

Asubuhi ambayo kifaranga wa kwanza alikufa, Mama Mashine alikuwa amesimama juu ya ndoo ya lita kumi, akihesabu mabati ya banda la wifi yake.

Yalikuwa kumi na sita. Jana pia yalikuwa kumi na sita, na juzi vilevile, lakini Mama Mashine alikuwa mtu wa kuhakikisha. Ndoo haikutosha, kwa hiyo alinyanyuka kwa vidole vya miguu, akashika ukingo wa ukuta uliougawa ua wa familia mara mbili, akaanza upya kutoka kushoto, kama kiranja anayehesabu wanafunzi bwenini huku akiomba kimoyomoyo apungue mmoja. Hakuna bati lililopungua.

"Yametimia, wifi?" Sauti ilitoka ndani ya banda.

Mama Mashine nusura aanguke. "Yapi hayo?"

"Mabati."

"Nani ana habari na mabati? Nilikuwa naangalia mvua."

"Mvua ya kwako inanyeshea kwangu kwanza?" Wifi alitokeza mlangoni na ufagio, akiwa amevaa mabuti yake ya mpira yanayofika magotini. Watu wengine huvaa mabuti wakati wa tope. Huyu aliyavaa masika na kiangazi, na ndiyo sababu mtaa mzima, pamoja na mama yake mzazi, ulimwita Mabuti. Alikuwa amefanya usafi hospitalini miaka ishirini na sita, akastaafu, akarudi kwao na kiinua mgongo chake na tabia ya kunawa mikono kabla ya kunawa mikono. Ndani ya miezi minne alikuwa amejenga banda la matofali lenye madirisha ya wavu na rangi ya bluu, akaweka humo mitetea arobaini ambao hawakuwa wamewahi kutaga hata yai moja, lakini walitembea kama waheshimiwa.

"Banda zuri," alisema Mama Mashine. "Kwa mbali mtu anaweza kudhani ni choo cha shule."

"Basi siku ukibanwa, karibu," Mabuti alijibu, akarudi ndani kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Mama Mashine alishuka. Mkononi alihisi uchungu, akatazama, kumbe alikuwa ameubana ukuta hadi kucha ikavunjika. Akajisemea kwamba hana wivu. Wivu ni wa watu wasio na kitu, na yeye alikuwa na mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa kabati la mbao lililokaa sebuleni, mahali ambapo nyumba nyingine huweka televisheni. Ilikuwa na balbu nne, feni ndogo na kipimajoto, na ilitotolesha mayai mia tatu kwa mpigo. Hakuna mtu mwingine mtaani aliyekuwa nayo. Kwa miaka saba, aliyetaka kifaranga alikuja kwa Mama Mashine, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika kiasi kwamba hata mumewe, Fundi Cherehani, alilazimika kufikiri kidogo kabla ya kulikumbuka. Mtu akishapewa jina na mtaa, jina linakuwa mali kama shamba. Na shamba hulindwa.

Aliingia ndani, akainamia kizimba cha kulelea vifaranga. Mmoja alikuwa amelala ubavu karibu na taa. Alimgusa, akamkuta baridi. Wengine walisinzia wamesimama, vichwa chini, mabawa yamelegea, weupe kama karatasi ya mtihani ambayo mwenyewe hajaandika kitu.

"Baba Watoto," aliita. "Njoo uone. Hawa vifaranga wamepauka."

Fundi alikuja na sindano mdomoni. Akatazama. "Labda wana aibu," alisema.

Siku hiyo walikufa sita. Kesho yake, kumi na tisa.

*

Siku ya nne alikuja Mstaafu wa Posta. Alikuwa amebeba boksi la viatu kwa mikono miwili, kama mtu anayeleta kifurushi kilichokosa mwenyewe. Wakati huo Mama Mkwe alikuwa amekaa uani na redio yake, na upande wa pili wa ukuta mabuti yalikuwa yakisikika yakienda na kurudi.

"Mama Mashine," alisema Mstaafu, "naomba kurejesha." Akafungua kifuniko.

Vifaranga wafu walikuwa wamepangwa safu kwa safu. Mabawa yao yalikuwa na mabaka ya bluu iliyoelekea weusi, mfano wa wino uliomwagika chini ya ngozi.

"Nilichukua hamsini. Wamebaki tisa, na hao tisa wanaandika wosia."

"Labda uliwapunja joto, mzee wangu."

"Nimewapa joto mpaka mke wangu akauliza kama na yeye anaweza kuatamiwa. Joto si tatizo. Jirani yangu alichukua kwako wiki ileile, na yeye anachimba shimo."

Mama Mkwe alipunguza redio. Mwanamke huyu alikuwa haoni vizuri siku hizi, lakini masikio yake yalikuwa yamepokea kazi ya macho na kuifanya kwa bidii zaidi. "Hilo ni jicho," alisema. "Mnyama akikauka damu bila jeraha, amepigwa jicho."

"Hata mimi nasema hivyo, mama," Mama Mashine alidakia, akapaza sauti ili ivuke ukuta. "Kuna watu tangu wahamie hapa, vitu vya wenzao haviendelei!"

"We mkwe wangu, nisikilize. Jicho hutoka kwa anayechungulia. Halitoki kwa anayechunguliwa. Ile ndoo kila siku iko pale ukutani inafanya nini?"

Mstaafu alikohoa kwa adabu. Kabla Mama Mashine hajajibu, mkono ulitokea juu ya ukuta. Ulikuwa umeshika glavu mbili mpya na mfuko mweusi.

"Shika, wifi," ilisema sauti ya Mabuti. "Usiwaguse kwa mikono mitupu. Na hiyo mizoga isitupwe, ichomwe."

Hakukuwa na njia ya kukataa glavu mbele ya watu. Alizipokea. Zilikuwa za saizi yake hasa, na hilo lilimuuma kuliko yote. Ukipewa msaada usiokutosha, unaweza angalau kulalamika.

"Basi, mama," Mstaafu alisema akiondoka, "usinielewe vibaya. Nitasubiri. Nasikia ng'ambo ya ukuta nako kuna mashine inakuja."

"Mashine gani?"

"Naam," sauti ilijibu kwa upole. "Nafikiria kuagiza. Ya umeme na betri. Mayai mia sita."

Mia sita. Mama Mashine alisimama na boksi la maiti mkononi, glavu kwapani, na masikioni akasikia watoto wa mtaa wakiita kwenye mlango mwingine: Mama Mashine! Na wakimwona yeye, wangesema nini? Wangesema Mama Mashine wa Zamani. Ile ya Mbao.

*

Bwana Mifugo alifika kwa pikipiki. Alikuwa kijana mwembamba mwenye mkoba wa ngozi, na alipenda kueleza mambo kama mwalimu wa zamu aliyepewa kipaza sauti. Aliomba meza, akatandika gazeti, akampasua kifaranga mmoja mguu.

"Tazameni hapa, katikati ya mfupa. Huu ni uboho. Unatakiwa kuwa mwekundu. Huu je?"

"Njano," alisema Fundi. "Kama mafuta yaliyoganda."

"Sawasawa. Uboho ndio kiwanda cha damu. Kiwanda kimefungwa. Ndiyo maana wamepauka, ndiyo maana damu inavilia kwenye mabawa. Hili si jicho la mtu. Ni kirusi."

"Mrusi?" Fundi aliuliza. "Mrusi ametufikiaje sisi huku?"

"Kirusi, fundi. Kidudu kidogo ambacho hata hadubini ya kawaida haikioni."

"Dawa yake?" aliuliza Mama Mashine.

"Hakuna."

"Hakuna kwako au hakuna kabisa?"

"Kabisa, mama. Na hata usafi hakiuogopi sana, kinakaa kwenye maranda muda mrefu." Alionyesha kwa kisu yale maranda ya mbao yaliyotandazwa kwenye kizimba cha vifaranga, yaliyochanganyika na kinyesi. "Kuku wako wakubwa wanaonekana wazima, sivyo? Kirusi kimewaingia wakiwa tayari wanataga. Wao hakiwafanyi kitu, lakini wanakipitisha kwenye yai. Kifaranga anazaliwa nacho. Swali langu ni moja. Uliingiza kuku wageni siku za karibuni?"

Fundi alitazama dari.

"Sita tu," alisema Mama Mashine. "Wa sokoni."

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," Mama Mkwe alisema kutoka uani, bila kualikwa.

"Na huyu kamba yake ilikuwa ndani ya damu," alisema Bwana Mifugo. "Sita wa nini, mama? Si ulikuwa na kuku wa kutosha?"

Alikuwa nao thelathini na tano. Kisha Mabuti akaleta mitetea arobaini. Kwa hiyo akaenda sokoni akanunua sita, ili wawe arobaini na mmoja. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kabisa, na hakuna namna ambayo ingeweza kusemwa kwa sauti mbele ya mtu mwenye mkoba.

"Niliwaonea huruma," alisema.

Bwana Mifugo aliandika. "Basi zima mashine. Miezi miwili au mitatu usitotoleshe yai lolote la hawa, mpaka miili yao itengeneze kinga. Baada ya hapo mama atampa kifaranga kinga badala ya ugonjwa."

Miezi mitatu. Mashine ya mia sita ingekuwa imeshafika, imeshafunguliwa boksi, imeshapewa jina. Mama Mashine alitazama chini, akayaona maranda. Akayatazama kwa muda.

"Na haya, kwa mfano," alisema taratibu, "yakifika kwenye banda la mtu mwingine..."

"Ugonjwa umehama. Kifaranga wa siku chache akikanyaga hayo, kwisha habari yake. Ila kuna jambo la umri, mama, maana mtetea ambaye bado hajaanza ku..."

"Ngoja nikuletee maji ya kunywa," alisema Mama Mashine, akaondoka haraka. Alikuwa ameshasikia alichokihitaji. Mwanafunzi anayetoka darasani kabla ya sentensi ya mwisho ndiye huyo huyo anayeshangaa siku ya matokeo.

*

Jumatano saa saba mchana, Mabuti alimpeleka mama yake kliniki ya macho. Fundi alikuwa dukani kwake. Jua lilikuwa utosini, na mtaa mzima ulikuwa umejifungia ndani kula au kulala. Watu wenye nia mbaya husubiri giza. Mama Mashine alijua kwamba hakuna anayemwona mtu saa saba mchana.

Alijaza gunia. Lilikuwa gunia la pumba, kuukuu, ambalo mumewe alikuwa amelitia kiraka cha kitambaa cha sare ya shule chenye mirabamiraba. Akalibeba mgongoni, akazunguka ukuta, akafungua lango la wifi yake.

Mbele ya mlango wa banda palikuwa na karai la maji ya chokaa, na juu yake kibao kilichoandikwa kwa mkono: CHOVYA MIGUU KWANZA. Mama Mashine alisimama. Akatazama kushoto na kulia. Kisha, kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri na kusoma shule iliyokuwa na vibao vingi, akachovya mguu wa kulia, akachovya na wa kushoto, akaingia kuua akiwa msafi.

Ndani palikuwa na harufu ya mbao mpya. Vyombo vya maji viling'aa. Ukutani kulikuwa na ubao wa chaki wenye tarehe, kiasi cha chakula, na chini kabisa maneno: *Nambari 17 anachechemea. Apewe nafasi.* Sweta la kazini la hospitali lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, limeshonwa viwiko mara nyingi, na kando yake, chini ya ukuta unaotazamana na kwa Mama Mashine, palikuwa na ndoo iliyopinduliwa. Aliiona, hakuifikiria. Macho yake yalikuwa na kazi nyingine.

Mitetea hawakumkimbia. Walimjia. Arobaini wote walimzunguka miguuni wakidhani ameleta chakula, na mmoja mwenye kuchechemea akaja wa mwisho, akadonoa kidole chake chenye chokaa.

"Usinidonoe," alimwambia kwa sauti ndogo. "Mimi si mtu mzuri leo."

Angeweza kugeuka. Gunia lilikuwa bado limefungwa. Lakini alipoinua macho aliona kona tupu, iliyofagiwa, iliyopimwa kwa kamba na kuwekewa alama za chaki kwenye sakafu. Soketi mpya ya umeme ilikuwa juu yake. Hapo ndipo mashine ingekaa. Kifua kikambana kama blauzi ya mwaka wa kwanza aliyoivaa mwaka wa nne. Akafungua gunia, akamwaga, akatandaza kwa miguu kila upande. Mitetea wakashangilia. Wakachakura, wakajitupa, wakaoga humo.

Alipofika nyumbani aliosha mikono mara tatu. Mara ya tatu ndipo alipokumbuka kwamba hakurudi na gunia.

*

Hakuna aliyemuuliza kitu. Hilo lilikuwa baya kuliko kuulizwa.

Jioni ile mabuti yaliingia bandani, yakasimama, yakakaa yamesimama muda mrefu. Kisha ufagio ukaanza. Kesho yake Mabuti alimsalimu kama kawaida. "Umeamkaje, wifi?" "Salama, wifi." "Vifaranga wako?" "Wamekwisha." "Pole sana." Na alionekana kumaanisha, jambo ambalo ni ukatili.

Mama Mashine alipanda ndoo asubuhi na jioni, kungoja msiba. Wiki ya kwanza mitetea walikula. Wiki ya pili walinenepa. Wiki ya tatu hata Nambari 17 aliacha kuchechemea. Mama Mashine, ambaye usingizi ulikuwa umemhama kwa hofu kwamba wangekufa, sasa alianza kuumia kwa sababu hawakufa. Hata kirusi, alijisemea, kikifika kwa Mabuti kinapata adabu. Kwangu kiliingia na viatu.

Nyumbani mashine ilikuwa imezimwa na kufunikwa kitambaa. Sauti ya feni iliyokuwa ikivuma usiku na mchana kwa miaka saba haikuwapo, na familia ikagundua kwamba ilikuwa ikizungumza kwa kupaza sauti bila sababu.

"Mke wangu," Fundi alisema siku moja, akipima kitambaa kwenye meza, "lile gunia la kiraka cha sare liko wapi? Nataka kuwekea vipande."

"Limepotea."

"Limepotea? Mimi nimeliona."

"Wapi?"

"Kwenye kamba ya dada. Limefuliwa, limeanikwa." Akamtazama juu ya miwani. "Nikajiuliza, gunia linafuliwa? Lakini kwa dada, hata mkaa ungefuliwa."

Alikata kitambaa. Mama Mashine alisikiliza mkasi ukitafuna meza mpaka mwisho.

*

Mitetea walipokaribia kutaga, Bwana Mifugo alirudi. Chama cha wafugaji kilikuwa kimeamua kwamba mayai ya kutotolesha yatachukuliwa kwa kuku waliopimwa damu tu, baada ya msiba uliotokea mtaani, na kila aliyesema "msiba uliotokea mtaani" alitazama upande wa Mama Mashine, kisha akajifanya anatazama mawingu. Kuku wake yeye pia walitolewa damu. Majibu yalikuja baada ya siku kumi, na Mstaafu wa Posta, aliyekuwa mjumbe wa chama, alikuja kuyasikiliza pamoja na Mama Mkwe na redio yake.

Walikusanyika kwa Mabuti. Mama Mashine alisimama nyuma, karibu na lango.

"Kuku wa Mama Mashine," alisoma Bwana Mifugo, "wana kinga, lakini si wote. Wengine bado. Asubiri kidogo. Kuku wa huku..." Akasita, akageuza karatasi, akairudia. "Mama, uliwachanja hawa?"

"Sijawachanja," alisema Mabuti.

"Wote arobaini wana kinga ya kirusi kile cha damu. Kamili. Bila hata mmoja kuugua?"

"Hata mmoja."

Bwana Mifugo alivua kofia. Ilikuwa wazi kwamba alikuwa amesubiri maisha yake yote kupata somo kama hili. "Basi kuna mtu aliwaletea maranda machafu kabla hawajaanza kutaga! Wazee wa kazi hii walifanya hivyo makusudi zamani, kabla chanjo haijasambaa. Mtetea wa umri ule kirusi hakimuumizi. Kinampita tu, na kinamwachia kinga. Akija kutaga, kila yai linatoka na kinga yake ndani, na kifaranga analindwa zile wiki za hatari. Nilitaka kulieleza jambo hili siku ile, mama mmoja akaniletea maji." Akainua kidole. "Sisemi muige. Maranda hayo hayo yangeweza kubeba minyoo na kuhara damu, mkazika kuku wote. Ni bahati. Lakini aliyefanya hivyo, ama ni mtaalamu, ama..."

"Ni mtaalamu," alisema Mabuti.

Watu wote wakageuka. Yeye hakumtazama yeyote isipokuwa wifi yake aliye langoni.

"Ni wifi yangu. Alikuja mwenyewe na gunia mgongoni, jua kali. Na kabla ya kuingia alichovya miguu."

"Mungu mkubwa!" alisema Mstaafu, akaenda kumpa mkono Mama Mashine. "Na mimi nilikuletea maneno ya boksi la viatu! Wewe mwenyewe umefiwa, ukaona uokoe kuku wa mwenzako?"

Mama Mkwe alizima redio kabisa, jambo lililokuwa halijaonekana tangu mgombea wake aliposhindwa uchaguzi uliopita. "Njoo hapa, mkwe wangu. Nilisema una jicho. Nisamehe. Kumbe una moyo."

Mama Mashine alishikwa mikono, akapigwapigwa mgongoni, akaombewa. Kila sifa ilimwingia kama kiboko cha asubuhi. Alifungua mdomo aseme, akaufunga, na watu wakaita hilo unyenyekevu.

*

Watu walipoondoka alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, akapanda ndoo.

"Wifi."

Mabuti yakasikika yakija. Kisha, kutoka upande wa pili, kichwa cha Mabuti kilipanda juu ya ukuta, kikatulia, na nyuso zao zikawa karibu sana.

"Nilikuja kuwaua," alisema Mama Mashine.

"Najua."

"Sikuja kusaidia. Yule kijana alitaka kueleza, sikumsikiliza. Nilitaka wafe wote, mpaka yule wa kumi na saba."

"Najua, wifi. Niliona gunia la kaka na nyayo za chokaa zikiingia na kutoka. Nikakaa chini nikalia. Halafu nikatazama tena zile nyayo, nikasema, muuaji gani huyu anatii kibao? Nikacheka peke yangu mpaka kuku wakanishangaa."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Mama? Angepiga redio chini. Kaka? Alishajua, ndiyo maana hakuuliza. Nikasema wakifa, nitasema. Hawakufa." Mabuti aliinama, akainuka na trei ya mayai, akaiweka juu ya ukuta katikati yao. Yalikuwa madogo, ya kwanza kwanza. "Haya ni ya kujaribia. Yakifikia ukubwa wa kutotolesha nitakuletea mengi. Osha ile mashine yako kwanza, yote, na feni. Nitakuja kukagua."

"Si unaagiza ya kwako? Ya mia sita?"

"Sina mashine mimi. Nitaitoa wapi? Uliniambia banda langu ni choo cha shule, nikatafuta neno la kukuchoma, nikalipata, nikamdokezea Mstaafu."

"Na ile kona uliyopima? Na soketi?"

"Friji," alisema Mabuti. "Ya chanjo."

Mama Mashine alishika trei. Mayai yalikuwa bado na joto. Jina lake lilikuwa limerudi, zima, bila hata mkwaruzo, na aliyelirudisha alikuwa yuleyule. Alitafuta shukrani kifuani, akaipata, lakini haikuwa peke yake mle ndani. Kwenye banda amenishinda, alifikiri. Kwa mama mkwe amenishinda. Sasa hata kusamehe, ametangulia yeye.

"Asante, wifi," alisema. Kisha, kwa sababu kulikuwa na kitu kilichokuwa kikimsumbua tangu kichwa kile kitokeze, akauliza, "Umesimama juu ya nini?"

Mabuti alitazama pembeni. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie hapo, alionekana kama mtu aliyekamatwa.

"Ndoo," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki niliyofika. Usiku mna taa ya ile mashine yenu, mnakaa wote kuizunguka, kaka anashona, watoto wanabishana, wewe unageuza mayai." Akajikuna shingo. "Mimi huku nina kuku tu."

Upande wa huku, watoto walikuwa wameanza kuvuta kitambaa kilichofunika mashine wakiuliza kama ni kweli inawashwa. Upande wa kule, mitetea walikuwa wakichakura. Mama Mashine alitaka kusema neno zuri, na neno zuri lilikuwa tayari ulimini. Lakini kwanza, taratibu, mayai kifuani, alinyanyuka kwa vidole vya miguu akachungulia chini, ng'ambo, kuona ndoo ya wifi yake ni ya lita ngapi.

Ilikuwa ya ishirini.